Kadi ya Pili, Saa Nne Kamili

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta anastaafu! Alhamisi saa nne meneja atawapendekezea wakubwa mrithi. Nani kama si mimi? Labda Mama Taratibu, fundi mwenzangu, asiyegusa hata swichi kabla ya kuandika daftarini. Meneja anamsifu mpaka kero. Lakini seva, kompyuta kuu ya jengo, ina kadi mbili za mtandao: ya kwanza ya ghorofa yetu na meneja, ya pili ya wahasibu. Nitaizima ya pili, wapige kelele, niiwashe. Shujaa!

Jumanne, 4 Machi
Nikiwa mezani kwangu, nimeiamuru seva iondoe kiendeshi cha kadi ya pili, yaani programu inayoiendesha. Imetii. Kumbe kadi zote mbili zinatumia kiendeshi kimoja! Jengo zima kimya. Nami niliyeingia humo kwa mtandao uleule nikabaki kuikodolea macho skrini. Ufunguo wa chumba cha seva anao nani? Mama Taratibu. Akashuka, akaandika mstari mmoja kwenye kibodi ya seva yenyewe, mambo yakarudi. Meneja akampigia makofi. Nikapiga na mimi, shingo upande.

Jumatano, 5 Machi
Sasa nimeiva. Kiendeshi sikigusi. Nimeiachia seva amri: kesho saa nne kamili kadi ya pili ijizime, baada ya dakika kumi ijiwashe. Mke wangu ameuliza, baba watoto, kwa nini usifanye kazi tu? Haoni mbali, maskini.

Alhamisi, 6 Machi
Saa nne nilikuwa kwa wahasibu, mkoba wa vifaa mkononi. Nikauliza kama mtandao umekatika. Wakasema hapana. Nikawasihi waangalie vizuri. Mmoja akaniuliza kama nimekunywa chai.

Kumbe asubuhi Mama Taratibu aliizima seva na kuiwasha upya, na ilipoamka kadi zikabadilishana namba. Tangazo la kuizima lilikaa ubaoni wiki mbili. Nani anasoma ubao? Ya pili sasa ni ya meneja! Alikuwa kwenye kikao cha video, anafungua kinywa kutaja jina langu (kaniambia mwenyewe), picha ikaganda. Aliporudi hewani, wakubwa walishamchagua anayejua kuzuia mambo hayo. Nimeumia sana.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Taratibu ndiye mkuu. Kanipa daftari, niandike kila ninalokusudia kabla ya kuigusa seva. Tena kwa upole! Nimeandika: sikusudii lolote.

Jumatatu saa nne ana kikao chake cha kwanza na wakubwa, ofisini kwa meneja. Amri nimeirudisha: kadi ya pili, dakika kumi. Nitakuwa nje ya mlango na mkoba wangu. Ubaoni kabandika karatasi nyingine ya seva, inaanza na neno Jumapili. Sikuendelea kuisoma.