Kila Transfoma na Mwenzake

Wananchi walitangaziwa kwamba kuanzia siku hiyo, kifaa chochote cha umeme kikiharibika, taa zao hazitapepesa hata mara moja. Mkurugenzi wa Mipango alilisoma tangazo hilo mwenyewe, akalipenda, akalirudia.

Mpango ulikuwa mwepesi, ndiyo maana ulihitaji kamati tatu. Mji ulikuwa na transfoma mbili. Kununua ya akiba kungechelewesha makochi mapya ya ofisi zao za ghorofa ya saba, basi kamati zikaazimia kila transfoma iwe akiba ya mwenzake.

"Shemeji," alisema mhandisi wa zamu, mdogo wa kike wa mke wa Mkurugenzi, "zote mbili zimejaa pomoni. Moja ikitoka, nyingine itazidiwa na kujizima."

"Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Haitausikia."

"Hao wahenga walikuwa na umeme?"

"Waraka umeshatoka," Mkurugenzi akamjibu kwa upole. "Hauzungumzii kujaa."

Siku ya majaribio Waziri alikuja na wapiga picha, mkataba mpya wa Mkurugenzi ukisubiri saini yake. Bila saini ile, Mkurugenzi angeamka kesho akiwa mtu wa kawaida mwenye tai nyingi. Aliogopa kweli. Akasaini amri ya kuzima transfoma moja, akaituma chini kwa mhandisi, kisha akaingia kwenye lifti akampokee mgeni.

Lifti ikakwama katikati. Giza. Nje, mji mzima uliguna.

"Iwasheni ile mliyozima!" Sauti ya Waziri ilipenya mlangoni.

"Kuiwasha kunataka saini ya Mkurugenzi, mheshimiwa," mhandisi akajibu. "Na Mkurugenzi yumo kwenye lifti."

"Sasa?"

"Nipunguze mzigo, hii iliyobaki ipate kupumua. Kuna jengo moja linakula umeme kuliko mtaa mzima. Viyoyozi ghorofa zote saba."

"Lizime."

Muda si muda shangwe zikasikika barabarani. Taa zimerudi kila mahali, isipokuwa kwenye lifti.

"Jengo gani hilo?" Waziri akauliza.

"Hili letu la mipango."

"Likizimwa, wananchi wanakosa nini?"

Mhandisi alifikiri sana, maana ni mtu mkweli. "Bado natafuta, mheshimiwa."

Mkurugenzi alimsikia Waziri akiomba kalamu. Akamshukuru Mungu, akanyoosha tai gizani.

"Mkataba huu nausaini," Waziri akatangaza, "ila kwa jina la huyu dada. Na jengo lisiwashwe tena."

Makofi yakalipuka. Mkurugenzi, ambaye maishani hajawahi kuacha tangazo la Waziri lipite hivihivi, akapiga kwa nguvu kuliko wote.