Bisibisi Sikioni

Sikio langu la kulia limejaa oili, na tangu mchana kijiji kizima cha Kewanja kinaniita Daktari. Ngojeni niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na wengine.

Mwita, niliyetahiriwa naye msimu mmoja, ni injinia wa meli. Yuko likizo. (Mkurya, baharini! Sisi ambao mto Mara ukijaa tunaacha ng'ombe watangulie.) Tangu aje, watu hawana habari nyingine. Eti injini ya meli yao ina ngazi, unaipanda kama ghorofa. Eti anajua inaumwa nini kwa kuisikiliza tu. Wivu? Sina wivu. Lilikuwa tumbo tu linaniuma.

Mimi ndiye fundi wa karasha ya Mama Ghati, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ufunguo wa banda nakaa nao mimi. Leo injini ikaanza kulia vibaya. Kabla sijafika, Mama Ghati kashamwita Mwita! Nimemkuta kwenye stuli yangu, kapewa soda.

"Shikamoo, mama. Huyu naye?"

"Marahaba. Nyamaza, mwanangu injinia anasikiliza."

Mwita alikuwa ameegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni. Watu kimya kama kanisani. Roho ikaniuma. (Injini hiyo nimeifungua mara ngapi, na hakuna aliyewahi kuninyamazia!)

"Lete hapa," nikasema. "Hata sisi wa nchi kavu tuna masikio."

Nikainama. Mpini una oili, sikujali. Nikafumba macho. Nikatikisa kichwa taratibu, kama mganga. Nikasikiliza weee! Mngurumo naupata vizuri kabisa.

"Beringi ya nyuma," nikatangaza. "Imekwisha. Sikieni inavyolia!"

Mtu akakohoa. Nikafumbua macho.

"Ndugu yangu," Mwita akasema kwa upole (huo upole ndio ulioniua), "nimeizima ulipofumba macho tu. Ilikuwa inapata moto. Hiyo unayoisikia ni karasha ya jirani."

Mama Ghati alicheka hadi akakaa chini. "Basi daktari, nenda ukamtibu jirani!"

"Yangu nzima!" jirani akapaza sauti kutoka bandani kwake.

Mkinikuta njiani, nisalimieni upande wa kushoto.

Jioni Mama Ghati ameniomba ufunguo wa banda. "Nitakaa nao kidogo," amesema. Mwita anarudi melini Jumatatu. Hiyo kidogo ni mpaka lini, hajaniambia.