Kodi Isiyofika Siku Yake

Kitabu cha hesabu za mwaka za kampuni ya saruji kilifika posta ya Awendo Ijumaa, na saa nne Baba Robi alikuwa nacho kwenye benchi la kibanda cha chai cha Mellen. Tunamwita Mwenyehisa, maana hapa ndiye aliyetangulia kununua hisa. Alisoma kwa kidole mpaka kidole kikagota, akanigeuzia nimtafsirie. Nikasema ni kodi iliyoahirishwa, milioni arobaini na nane, nikanyamaza. Hapa mimi, niliyesomea uhasibu, huitwa Odita Kimya, na siku hiyo jina nililitendea haki.

"Kumbe hawajalipa serikali," alisema Baba Robi.

Mellen, mwenye kibanda, akaeleza jinsi watu wa kodi walivyombebea binamu yake mpaka mlango, nyumba ikabaki imepanua mdomo. Kufikia chai ya pili, katika masimulizi ya benchi serikali ilikuwa imeshang'oa bomba la moshi la kiwanda na kulipakia kwenye trela la miwa.

Kerosi akasogea. Huyu ni Bei ya Leo: hununua hisa za watu walioogopa na kuzipeleka kwa dalali Kisumu.

"Mzee, mimi nakuonea tu huruma," alisema. "Nitazichukua nusu bei. Kesho hata robo hupati."

Hisa zile mia tatu zilikuwa tumbaku ya misimu mitatu, na ndizo karo ya binti yake Robi, anayeanza kusomea uuguzi Januari. Baba Robi alitoa cheti kwenye karatasi ya nailoni, Kerosi akatoa fomu. Ikakosekana kalamu. Wote wakanitazama mimi, maana waliosoma hubeba kalamu.

Nikaikalia.

"Baba Robi, usitie sahihi." Sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Nikamweleza nikitazama kikombe. Kampuni imenunua mitambo. Katika vitabu vyake inaihesabu kuchakaa kwa miaka kumi, lakini sheria ya kodi inairuhusu kukata sehemu kubwa ya gharama mapema. Kwa hivyo sasa inalipa kodi kidogo, na miaka ya mbele, ikiwa haina tena cha kukata, italipa zaidi. Hiyo zaidi ndiyo imeandikwa leo, ili wenye hisa wasidhani faida yote ni yao.

"Sasa nani anawadai leo?"

"Hakuna. Siku yake haijafika."

Akafikiri. "Ni kama zile ng'ombe za mwisho za mahari ya mama yake Robi: tulipatana na wakwe zangu nizipeleke Robi akiolewa. Hazijaitishwa, lakini siwezi kujiita tajiri nazo."

"Hao wakwe wako wanajua hiyo hesabu?" Mellen akauliza.

Nilianza kujiona mwalimu. Hata kikombe nilikishika kwa kidole kimoja.

Kerosi alifungua mkoba wake polepole, akatoa cheti kingine, akakilaza mezani. Jina langu, hisa hamsini.

"Madam, maneno hayo matamu Jumatatu yalikuwa wapi?"

Nikakiri. Nilipata kitabu changu mapema, kwenye simu, nikaiona ile milioni arobaini na nane, nikakimbia kumuuzia Kerosi hisa zangu. Maelezo yako ukurasa wa kumi na tisa. Niliufikia Jumanne.

Mellen akacheka akishika mbavu.

Baba Robi alikunja cheti chake, akakirudisha kwenye nailoni.

"Mellen, chai yake niandikie mimi," alisema. "Mwenzetu hana hisa."