Alama Yangu na Kiti cha Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Kaka amekalia kiti tena. Kile chenye mto, mlangoni pa karakana yetu ya samani. Yeye anapokea wateja, mimi nabeba vitanda. Kisa? Ana baridi yabisi ya mgongo, na daktari amesema damu yake ina alama fulani ya kinga ya mwili, ya kurithi. Kurithi! Baba mmoja, mama mmoja! Kwa nini yeye arithi kiti, mimi nirithi makabati? Wiki ijayo kuna kabati la mwalimu, ghorofa ya nne. Sibebi! Kesho napima damu.

Jumanne, 4 Machi
Nimetolewa damu. Nilifumba macho, muuguzi akanicheka. Kurudi karakana, nikamkuta kaka anahangaika na kamba za viatu. Asubuhi hawezi kuinama. Nimemfungia mimi. Akasema asante huku anatazama pembeni. Roho iliniuma kwelikweli. Halafu akaketi kitini, ikaacha kuniuma.

Jumatatu, 10 Machi
Ninayo! Alama ninayo! Daktari akauliza kama naamka nimekakamaa. Nikasema ukweli, mjinga mimi: nalala kama gogo. Basi siumwi, akasema. Wengi wanayo alama hiyo na hawaugui maisha yao yote. Nikamwomba aniandikie japo nusu ugonjwa. Akakataa. Akauliza kaka anashindaje. Kitini, nikajibu. Akang'aka: mtu yule anatakiwa kutembea na kujinyoosha, si kuganda! Nikatoka mbio kupeleka ujumbe. Kaka akiinuka, kiti kitabaki wazi!

Jumamosi, 15 Machi
Siku hizi kaka anajinyoosha kila alfajiri, anameza dawa zake, na viatu anajifunga mwenyewe. Nimefurahi, naandika bila utani. Na kiti amenipa! Ila shemeji, mke wa kaka, akataka kitoke karakana leo leo, amechoka kukiona. Kwa hiyo nimebeba kabati la mwalimu, kaka akielekeza kwa sauti ya afya tele, kisha nikabeba kiti hadi nyumbani. Mgongo ukasema kwaa! Alama imeamka! Nimechechemea kwa daktari nikitabasamu. Amenibonyeza, akasema ni msuli tu, nikipumzika utapona. Maumivu ya kaka ni kinyume, ameeleza: akipumzika ndiyo yanazidi.

Jumapili, 16 Machi
Nimeshinda kitini. Mgongo umepona. Balaa gani hili! Maumivu yangu ya kwanza ya maana, nimeyaharibu kwa kupumzika! Basi kesho nitafika kazini nimekakamaa, mbele ya kaka na shemeji. Nimejizoeza mbele ya kioo. Mke wangu ameuliza kama nimemeza mwiko. Nikamwomba, kwa sauti ya mgonjwa, anifunge viatu. Amenirushia kimoja. Nikainama chapuchapu, kikapita juu ya kichwa.

Hapo pa kuinama nitaparekebisha mbele ya kioo kabla ya kulala.