Kasuku Ahamia Shule ya Makoti ya Buluu

Jumatatu, 2 Septemba
Nimekutana na Jirani kwenye ngazi. Ni mwenzetu kutoka nyumbani, fundi wa lifti, na tangu tuhamie nchi hii hajawahi kunisalimu bila kunipa habari za binti yake. Leo: binti yuko shule ya kilimani, koti la buluu, tai, nembo ya dhahabu. Akauliza kama wangu bado yuko ile ya karibu na soko. Hiyo "bado" imenichoma! Nimepiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima nikiiwaza. Nimeunguza foronya mbili.

Jumanne, 3 Septemba
Nimechukua fomu ya kilimani. Swali la saba: mtoto anaijua lugha ya hapa? Ukijibu hapana, unasubiri nafasi kwenye darasa la wageni. Mimi nisubiri? Nimeandika: anaiongea kama maji. Mke wangu akanikumbusha kuwa mtoto ana miezi mitano tu hapa, na mwalimu wake wa sasa anamfundisha maneno taratibu, kila asubuhi. Nikamjibu kwamba hatukumwita Kasuku bure. Anaongea mpaka usingizini!

Ijumaa, 6 Septemba
Amekubaliwa! Kasuku akauliza kama rafiki yake naye anahamia. Nikasema atapata wengine. Nimepita mlangoni kwa Jirani mara tatu nimebeba koti jipya begani. Mara ya tatu akatoka kunipongeza, uso kama aliyemeza ndimu. Raha iliyoje!

Jumatano, 11 Septemba
Siku ya tatu. Kasuku haongei. Nimeaga kazini mapema, nikachungulia uani wakati wa mapumziko. Kasimama peke yake, mgongo ukutani, anafunga na kufungua vifungo vya koti. Hana wa kumsaidia. Nani amsaidie anayeongea kama maji? Jioni nikamuuliza kulikoni.

"Baba, nikinyamaza hawajui kwamba sijui."



Alhamisi, 12 Septemba
Nimerudi shule ya zamani, kofia mkononi. Nafasi imeshachukuliwa. Mwalimu wake akamuulizia, nikasema anaendelea vizuri sana. Hata hapo! Akanipa daftari ambalo Kasuku alilisahau: kila neno jipya na kapicha kake pembeni. Zaidi ya nusu ya kurasa ni tupu.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimeungama kwa mkuu wa shule ya kilimani. Alisoma fomu, akanitazama juu ya miwani, akaisoma tena. Kasuku atapata mwalimu wa darasa la wageni baada ya likizo. Miezi miwili na nusu! Mpaka hapo akae dawati la mbele. Mke wangu, tuliyekwenda naye, alitembea hatua kumi mbele yangu njia nzima. Afadhali angenigombeza. Nyumbani nikapiga magoti mbele ya Kasuku, nikamwomba msamaha. Akasema sawa. Neno moja tu, mtoto aliyekuwa akinisimulia hadi ndoto za watu wengine.

Jumatatu, 16 Septemba
Nimeapa sitadanganya tena kwenye karatasi yoyote ya shule.

Asubuhi, tangazo getini: wanatakiwa wazazi wa kuwasimamia watoto bwawani Alhamisi. Sharti: wajue kuogelea. Jirani alishajiandikisha, jina lake juu kabisa, herufi kubwa. Palibaki kanafasi juu yake. Nimebana langu hapo.

Kasuku akauliza nilijifunza lini kuogelea. Nimemwambia bado tuna siku mbili nzima.