Pinioni ya Landrova na Hina ya Bibi Harusi

Jumanne, 14 Novemba 1972

Landrova yangu inalia. Si injini, ni difu, kile kichwa cha chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma. Likombe nzima inanisikia kabla haijaniona. Mke wangu Mwanaamina kaniambia wazi: Jumapili mdogo wake Fauzia anapelekwa kwa mumewe Mpapura, na ikiwa gari litalia hivi, bibi harusi atapanda lori la Alawi. Alawi! Kaka yao. Shemeji yangu huyo hupita mlangoni kwangu akipiga honi bila sababu.

Nimempelekea fundi Kasiani. Kasema pinioni, ile gia ndogo, imerudi nyuma, haiumani vizuri na gia kubwa. Inatakiwa kusogezwa kwa vibati vyembamba nyuma ya beringi. Nimngoje mpaka Jumatatu. Jumatatu! Pilau ya harusi itakuwa imekwisha kuliwa.

Lakini nimeshamwona akifanya. Unapaka meno rangi, unazungusha, unatazama alama. Ikikaa kwenye ncha ya jino, ongeza kibati. Ikikaa shinani, punguza. Ikikaa katikati, funga gari uende zako. Mtoto wa chuoni anaweza.

Alhamisi, 16 Novemba

Vibati nimekata kwenye kopo la maziwa. Akili hiyo!

Rangi hakuna dukani. Hakuna! Ila uani kulikuwa na bakuli la hina ya Fauzia, mama mkwe Bi Somoe kaikanda mwenyewe. Nzito, inanata. Nikachota kidogo. Nikarudi nikachota tena.

Alama kwenye ncha. Nikaongeza kibati. Alama shinani. Nikapunguza. Kila mara beringi itolewe kwa nyundo na matusi. Alawi akapita, akauliza kama napika. Mwishowe katikati! Nikafunga kila kitu, nikajilaza kivulini kupumzika kidogo.

Nimeamka alasiri. Mikono myekundu mpaka vifundoni! Mchanga, haikutoka. Mafuta ya taa, haikutoka. Nikasugua kwa ndimu. Ikakolea zaidi! Wanawake wanajua mambo haya, kwa nini hawatuambii?

Ijumaa, 17 Novemba

Msikitini wamenipa mkono wa pongezi. Mwanamume mwenye hina mikononi ni bwana harusi, nani asiyejua? Alawi akaniuliza kwa sauti, mbele ya watu, dada yake kakosa nini hata nikamwolea mwenzake.

Ningeeleza. Lakini kueleza ni kukiri nimeiba hina ya bibi harusi, na Bi Somoe anamtafuta mwizi tangu jana akiwa na mwiko mkononi. Kufikia magharibi nilikuwa na mke mdogo Kilambo, mjane, mwenye mikorosho yake.

Mwanaamina kaniwekea chakula uani, karibu na kuku.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimepima. Hasira ya mke hupoa, ya mama mkwe hurithiwa. Mwanaamina aliponiuliza jina la huyo mwanamke, ulimi ukasema Salma. Ala! Ulimi huu!

Hakulia. Kafunga nguo zake kwenye kanga. Kasema kesho akishafika Mpapura na Fauzia, harudi kwangu tena. Sikulala. Nyumba bila Mwanaamina ni nyumba gani?

Jumapili, 19 Novemba

Tumeondoka. Fauzia na Bi Somoe nyuma, Mwanaamina mbele, uso dirishani. Landrova kimya! Kimya kama gari la mkuu wa mkoa! Nikamwonyesha Alawi vumbi langu.

Nusu ya njia, mlio. Kisha kishindo. Kisha injini inanguruma na magurudumu hayaendi. Alawi kafika na lori lake, meno yote nje. Kasiani, naye mwalikwa, akashuka akafungua difu. Vibati vya kopo vimesagika, gia zimetafunana, na kwenye meno, hina! Nilisahau kuifuta. Bi Somoe akainusa.

Kasema njia ya mwongo fupi. Kasema na mengine, siyaandiki.

Mwanaamina akatazama difu, akatazama mikono yangu. Akauliza, na Salma? Nikasema hakuna Salma, hajawahi kuwapo, naapa kwa Mungu. Akacheka mpaka akaketi barabarani, machozi yanamtoka. Nilikaribia kulia kwa furaha. Kisha akapanda lori pamoja na bibi harusi, akasema atarudi Jumatano, anikute nimetulia.

Jumatatu, 20 Novemba

Lori la Alawi limenivuta hadi kwa Kasiani. Nimevutwa mchana, watu wakitazama. Kasiani atatengeneza, kwa sharti moja: nisiguse hata nati.

Sasa hivi kaenda kula, na spana kaziacha. Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa hina tu. Inatakiwa kitu cheusi, chenye mafuta, kinachofutika kwa kitambaa. Mwanaamina ana kichupa kizima cha wanja sandukuni, na hadi Jumatano ni mbali.