Nani Ametia Maji Acharini Mwangu?

Jumamosi, 9 Februari 1946
Bismillahi. Daftari yangu, wewe sikufichi: mwaka huu achari ya Maulidi ni yangu. Miaka saba msikiti unakula pilau kwa achari ya jirani yangu Abdulghafur, na miaka saba namtazama akisifiwa huku anajinyoosha kanzu. Basi! Nimeleta maembe mabichi kutoka Marikiti, nimeyakata, nimeyatia chumvi katika chupa kubwa ya kioo. Fatemabai wa ghorofani kaniusia: maji hata tone usitie. Sikutia. Chupa kavu, mkono mkavu, nia safi.

Jumapili, 10
Maji! Nusu chupa! Mke wangu Mwanakuu aapa hakugusa. Basi ni nani, kama si mwenye dirisha linalotazamana na jiko letu? Nimeyamwaga, nimeongeza chumvi. Baada ya adhuhuri nikamsimamisha Abdulghafur barazani, nikamtaka aape kuwa hakunitilia maji. Akauliza kama nimepigwa na jua. Kisha akaapa, mbele ya watu, tena kwa kucheka!

Jumatatu, 11
Maji tena. Nikamwaga, nikatia chumvi, nikafunga dirisha, nikakaa mbele ya chupa na tasbihi yangu. Kufika adhuhuri maji yanapanda, nami nayaona kwa macho yangu mawili. Mkono hapana! Karama! Kwangu mimi, Athmani mshona kofia! Nikamwita Mwanakuu ashuhudie. Akasema karama hiyo yanuka embe.

Jumanne, 12
Mwalimu Taib wa skuli kaniharibia. Asema embe, kama kila kilicho hai, limejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana, na kuta zake zapitisha maji lakini chumvi yapita kwa taabu. Chumvi ikizidi nje, maji ya ndani hutoka kuifuata, tunda likanywea. Ati hata mizizi ya miti hunywa kwa njia hiyo, maji yakifuata upande wenye chumvi zaidi. Nikamwambia nilijua zamani, nilikuwa namjaribu tu. Na Abdulghafur? Radhi nitamtaka baada ya Maulidi, nikishinda. Kuomba radhi ukiwa juu kuna raha yake. Kesho natia pilipili na siki.

Alhamisi, 14
Nimeshinda! Kwa kumwagwa maji kila siku, maembe yangu yamekaza, yanalia menoni. Ya Abdulghafur yalikuwa teketeke. Imamu kaongeza yangu mara tatu! Abdulghafur mwenyewe akaonja, akasema, "Sheikh Athmani, maji niliyokutilia yamekufaa." Watu wakaangua kicheko. Nikamkumbatia, nikamtaka radhi palepale kwenye sinia, mkono umejaa pilau.

Jumamosi, 16
Jana niliroweka zabibu za dukani kwa Noormohamed, kavu, zenye makunyanzi kama uso wangu, katika maji matupu. Asubuhi hii zimevimba, nono, kama za kuchumwa leo! Mwanakuu asema nimuulize Mwalimu Taib. Ya nini? Mambo ya mwalimu ni ya embe. Hapa kuna mtu ameingia akanibadilishia. Lakini mwizi gani achukue kuukuu aache mpya? Nimeshaelewa: ni Abdulghafur, moyo umemlainika, anatoa sadaka kwa siri. Safari hii simwapishi. Mlango nitauacha wazi, na bakuli nimetoa lile kubwa la harusi.